Siku Moja Katika Theluji ya Rwenzori

Sisi tuliozaliwa Kampala twajua barafu ya namna mbili tu. Ya kwanza ni ile itokayo katika jokofu, tunayoitia katika maji ya matunda siku ya joto. Ya pili ni mvua ya mawe, ambayo huja mara moja moja, ikapiga mabati kwa kelele nyingi, watoto wakatoka mbio kuiokota, na kabla hawajaitia mdomoni imekwisha kuwa maji. Theluji tuliisoma vitabuni tu. Kila mwanafunzi wa Uganda hufundishwa kwamba nchi yetu ina milima yenye theluji, lakini mimi nililijua jambo hilo kama nijuavyo kwamba mwezi una mashimo: ni kweli, ila halinihusu. Leo nataka kuwasimulia jinsi lilivyoanza kunihusu.

Mwanzo wa habari hii ni rafiki yangu mmoja ambaye hapa nitamwita Fundi, maana ndivyo shule nzima imwitavyo. Fundi hawezi kuona ubao akauacha salama. Siku moja katika maktaba alisoma habari za Philip Boit, Mkenya aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998, kushindana katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Mashindano yenyewe yalikuwa mbio za kilomita 10 juu ya theluji, ambazo mtu hufunga mbao mbili ndefu na nyembamba miguuni akateleza nazo. Boit alikuwa wa mwisho kabisa, lakini Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye ndiye aliyeshinda, alimngojea mwishoni mwa njia mpaka akafika, akamkumbatia. Tena Fundi akasoma kwamba mwaka 1912 Mjerumani mmoja, Walter Furtwängler, alipanda Kilimanjaro na mbao za namna hiyo akateremka nazo. Fundi akafunga kitabu, akasema, "Ikiwa Kilimanjaro imekwisha kutelezwa, mbona Rwenzori isitelezwe?"

Basi tangu siku ile karakana ya shule haikupata raha. Fundi alitafuta mbao nyepesi za mti tuuitao musizi, akazipiga randa hata zikawa laini kama meza ya mkuu wa shule. Ili kuzikunja ncha zielekee juu alizichemsha katika sufuria kubwa la kupikia posho, naye mpishi akamfukuza kwa mwiko mara mbili. Kamba za kufungia miguu alizikata katika mpira wa ndani wa gurudumu la lori, na chini ya mbao alipaka nta ya mishumaa. Kisha tukaenda kuzijaribu katika mteremko wa nyuma ya bweni, siku ya mvua, majani yakiwa yameloa. Fundi alikwenda kama mshale kwa muda wa kuhesabu tatu, halafu akaingia katika migomba, tukasikia kishindo. Alipotoka, jani la mgomba likimning'inia shingoni, alisema kwamba tatizo lilikuwa migomba, na huko juu ya mlima hakuna migomba.

Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye amekwisha kupanda Rwenzori mara mbili, ndiye aliyetuombea ruhusa kwa wazazi. Tulikuwa wanafunzi sita, sote tumetimiza miaka kumi na minane, na fedha tulikusanya kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima. Tuliondoka Kampala katika likizo ya mwezi wa Januari, maana miezi ya Desemba mpaka Februari mvua hupungua kidogo huko. Nasema hupungua, wala sisemi kwamba hukoma. Upepo wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo huigonga milima ile mwaka mzima, kwa hiyo milima hujifunika mawingu kama bibi arusi. Yasemekana wasafiri wengi wa Ulaya walipita karibu bila kujua kwamba kuna theluji juu yao, hata mwaka 1888 Stanley na watu wake walipoiona.

Safari ya basi kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 300. Tulipitia Mubende na Fort Portal, tukafika jioni, na kesho yake tukawa Nyakalengija, kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori iliyoanzishwa mwaka 1991. Hapo tulikutana na wapagazi wetu na viongozi wawili, wote Wakonzo. Mkubwa wao alikuwa mzee mwembamba, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, aliyevaa gambuti zilizotiwa viraka vingi. Akaziona mbao za Fundi, akazigeuza huku na huku, akauliza, "Hizi ni za nini, mwanangu?"

Hapa sina budi kukiri jambo moja. Sisi watu wa Kampala, wengine wetu, tumezoea kukidharau Kiswahili, tukisema ni lugha ya askari na ya wezi. Mimi mwenyewe nilikisoma kwa sababu kilikuwa katika ratiba tu. Lakini mzee yule hakujua Luganda sana, wala mimi sijui neno la Lukonzo, na Kiswahili alikisema kama maji, maana jamaa zake wengi wako ng'ambo ya pili ya milima, nchini Kongo. Basi nikajikuta mimi ndiye mkalimani wa kundi letu. Nikamweleza kazi ya mbao zile. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. Alisema, "Zichukue. Lakini mwenye nazo atazibeba mwenyewe."

Siku ya kwanza tulipita katika msitu mkubwa, tukalala Nyabitaba, mita 2,651 juu ya bahari. Siku ya pili tulivuka mto, tukaingia katika mianzi, kisha katika miti iliyofunikwa ndevu za kijani kibichi toka shina mpaka ncha, hata mtu asijue mti uko wapi na ndevu ziko wapi. Tukalala kibanda cha John Matte, mita 3,505. Siku ya tatu ndipo tulipoonana na kinamasi cha Bujuku. Wasomaji, ninyi mliolalamikia matope ya barabara zetu wakati wa masika, nawaomba mtubu. Pale mtu hurukaruka toka kishungi kimoja cha majani hata kingine, na akikosa, tope humshika mpaka gotini na kukataa kumwachia gambuti. Kando ya njia yalisimama mauwa ya lobelia marefu kuliko mtu, na miti ya senesio yenye vichwa kama kabichi kubwa zilizotundikwa juu ya nguzo.

Mahali pamoja njia ya mbao ilikuwa imevunjika, na tope lilikuwa pana. Fundi akavua mbao zake mgongoni, akazilaza juu ya tope, akapita juu yake bila kuzama. Sote tukapita vivyo hivyo, mmoja mmoja. Mzee alitazama kwa makini, kisha akaniambia, "Sasa nimeelewa. Ubao huugawa uzito wa mtu, ndiyo maana hazami. Juu ya theluji itakuwa hivyo hivyo. Lakini mwambie rafiki yako, ubao haujui kilicho chini yake." Nikamtafsiria Fundi. Fundi akasema asante, lakini naona alisikia nusu ya kwanza tu.

Siku ya nne tulipanda kwa ngazi na miamba mpaka kibanda cha Elena, mita 4,541. Hapo pumzi huwa haba. Mwalimu alitueleza kwamba kwa kimo kile oksijeni ambayo mtu huvuta ni kama sehemu tatu tu kati ya tano za ile aipatayo pwani, na kwamba hewa hupoa kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 apandazo. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Kufunga kamba za viatu tu kulinifanya nihemeke kama niliyekimbia mbio ndefu. Mwenzetu mmoja alishikwa na kichwa, akakataa chakula. Mvua ilipiga mabati ya kibanda tangu jua lilipokuchwa. Halafu, kama saa nne ya usiku, ikanyamaza ghafula. Nilidhani imekoma. Mzee akasema gizani, "Haikukoma. Nzururu inashuka."

Nzururu ndiyo theluji kwa Lukonzo, na jina lenyewe la milima limetoka humo. Mzee alitusimulia kwamba wazee wake waliamini Kitasamba, mwenye milima ile, hukaa huko juu katika nzururu, na watu wa zamani hawakupanda ovyo. Tukalala na maneno hayo masikioni, kama mtu aweza kuita kulala kule kugeukageuka katika baridi.

Saa tisa za usiku tuliamshwa. Tulikunywa chai, tukavaa mikanda na viatu vya meno ya chuma, kila mmoja akawasha taa yake ya kichwani. Nilipofungua mlango nikaona dunia imebadilika. Kila jiwe lilikuwa limevaa kofia nyeupe. Nikainama nikashika theluji kwa mkono wangu, mara ya kwanza katika maisha yangu. Ilikuwa kavu na nyepesi kama unga wa muhogo, haikushikamana hata nilipoifinya. Nikaila. Haikuwa na ladha yo yote, lakini naikumbuka ladha hiyo mpaka leo.

Nilimwuliza Mzee kwa nini tuondoke usiku hivi, kama wezi. Akasema, "Huku kwetu hakuna miezi ya theluji na miezi ya jua. Kila mchana ni kiangazi, na kila usiku ni kipupwe. Usiku theluji hukaza, mtu akapita. Jua likitoka hulegea. Ya asubuhi ni rafiki, ya adhuhuri ni adui, nayo ni theluji ile ile." Tukafungwa kwa kamba, Mzee mbele, na kiongozi wa pili nyuma ya wote. Mwenzetu mgonjwa alikazana kwamba amepona, Mwalimu akamruhusu kwa shingo upande.

Kwanza tulipanda juu ya mwamba mtupu kwa muda mrefu. Mwamba wenyewe ulikuwa laini, na chini ya unga ule wa theluji niliona kwa taa yangu mistari mirefu iliyochorwa juu ya jiwe, yote imeelekea upande mmoja. Nilitaka kuuliza, lakini pumzi ya kuulizia sikuwa nayo. Kisha tukafika katika barafu yenyewe, meno ya viatu yakaanza kusema kra, kra, kra.

Kuanzia hapo nilimwona Mzee akifanya kazi ambayo sikuijua kuwa ni kazi. Alikuwa akiisoma theluji. Alichoma fimbo yake mbele ya kila hatua. Mahali pengine aliifuta theluji kwa mguu akanionyesha tabaka zake. Ya juu kabisa ilikuwa ya usiku ule, bado unga. Chini yake ilikuwa ya juzi, ambayo mchana iliyeyuka na usiku ikaganda, ikawa kama ganda la yai. Chini ya hiyo ni barafu ya zamani, ya rangi ya samawati, ngumu kama chupa. Akasema, "Theluji mpya ni kama shuka. Hufunika kitanda kizuri na kitanda kilichovunjika sawasawa."

Kulipopambazuka tulikuwa juu ya uwanda wa Stanley. Ghafula mawingu yalifunguka. Sijui jinsi ya kuyaeleza niliyoyaona. Uwanja mweupe ulitandazwa mbele yetu, jua likaupaka rangi ya dhahabu, na mbele yake kilele cha Margherita, mita 5,109, chasimama kana kwamba kimetungojea sisi. Kushoto mawingu ya Kongo yalilala chini yetu kama bahari. Hakuna aliyesema neno. Kilele kile kilikanyagwa mwaka 1906 na Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia pamoja na viongozi wake, akakiita jina la malkia wa kwao, na mimi nilikwisha kuapa moyoni kwamba mchana wa siku ile nitakuwa juu yake.

Mkono wa kuume palikuwa na mteremko laini, mweupe, usio na doa. Fundi aliutazama kama mwenye njaa atazamavyo sahani. Akavua mbao mgongoni. "Mwambie Mzee," akaniambia, "huu ndio mteremko wangu." Nikatafsiri. Mzee akasema, "Ngoja." Akatwaa kamba, kiongozi wa pili akamshikilia, akaenda polepole akichoma fimbo. Hatua kumi, fimbo iligonga. Hatua kumi na tano, iligonga. Karibu na ya ishirini fimbo iliingia mpaka mkono wake ukagusa theluji, wala haikugonga kitu. Akalala kifudifudi, akaikwangua ile theluji, nayo ikaanguka ndani bila sauti. Akatuita mmoja mmoja tukatazame. Palikuwa na ufa, si mpana, mtoto angeweza kuuruka. Lakini kuta zake zilikuwa samawati, kisha samawati nzito, kisha giza, na mwisho wake haukuonekana. Uso wa theluji uliokuwa juu yake haukuwa na alama yo yote.

Fundi alizifunga mbao zake mgongoni tena, bila kuambiwa.

Tuliendelea. Lakini jua lilikuwa limekwisha kutoka waziwazi, na kwa kuwa tuko karibu na mstari wa Ikweta lilipanda upesi. Yapata saa mbili za asubuhi Mzee alisimama, akachukua theluji, akaifinya. Alipofungua kiganja pakawa na donge zuri, na maji yakidondoka katikati ya vidole. Ilikuwa theluji ile ile ambayo usiku haikushikamana. Akamtazama mwenzetu mgonjwa, ambaye sasa alikuwa ametapika na anatembea kama mlevi. Akatazama mbele, mahali ambapo njia hushuka na kupanda tena kwenye barafu ya Margherita. Akasema, "Twarudi."

Hapa ndipo niliposema neno ninaloona aibu kuliandika. Sikulitafsiri agizo lake. Nilimwambia kwa Kiingereza, makusudi, nikijua kwamba hawezi kunijibu kwa lugha hiyo, kwamba hatukutoka Kampala wala kulipa fedha zetu ili tuje kuutazama mgongo wake. Wenzangu walinyamaza. Mwalimu alinitazama tu. Mzee hakulijua neno, lakini sauti haihitaji mkalimani. Akageuka, akapanga kamba upya, akaniweka mimi karibu naye.

Tukarudi. Mimi niliteremka kwa hasira, nikitupa miguu. Theluji iliyolegea ilikuwa ikishikamana chini ya meno ya viatu kama posho chini ya mwiko, na Mzee alikwisha kutuonya kwamba kila baada ya hatua chache tuyagonge kwa shoka la barafu ili ianguke. Mimi sikugonga. Penye mteremko mkali, mwisho wa uwanda, mguu wangu wa kulia ulikimbia, na mara nikawa ninakwenda chini kwa mgongo, mbingu juu yangu, sina cha kushika. Sikupata nafasi hata ya kupiga kelele. Halafu kamba ilinikata kiunoni, nikasimama.

Nilipoinua macho nilimwona Mzee amelala juu ya shoka lake, meno ya viatu vyake yamezama katika barafu, na kamba yangu imemkaza kifuani. Alikuwa akihema. Aliniambia, "Pole, mwanangu. Simama polepole. Gonga viatu kwanza." Hakuongeza neno.

Nikagonga viatu. Nilipofika alipo nikamwambia, kwa Kiswahili, "Mzee, nisamehe. Nilikutukana, nami nikasema kwa Kiingereza ili usisikie." Akasema, "Nilisikia." Kisha akacheka kidogo, akanipiga begani. "Kilele hakiendi po pote. Anayekwenda ni mtu."

Lakini Mungu hakutaka Fundi arudi mikono mitupu. Tulipokaribia mwisho wa barafu, mahali ambapo ni nyembamba na mteremko ni mpole, Mzee alisimama tena. Alichoma fimbo kila mahali, juu na chini, kushoto na kulia, kama mama apimaye sima kama imeiva. Fimbo iligonga kote. Akamfunga Fundi kamba, akamwambia, "Sasa, mwanangu. Toka hapa mpaka pale penye jiwe jeusi. Basi."

Fundi akafunga zile kamba za mpira wa lori, mikono ikimtetemeka. Akajisukuma. Kwanza hakwenda, maana theluji ilikuwa mbichi na nzito. Tukamsukuma mgongoni, mbao zikaitika, akateleza! Yapata hatua thelathini, magoti yamekunjwa, mikono imetanda kama korongo atakaye kuruka, mpaka akafika kwenye jiwe jeusi akaanguka ubavu katika theluji. Tulipiga vigelegele hata wapagazi waliokuwa kibandani wakatoka kutazama. Mzee naye alipiga makofi. Philip Boit alikumbatiwa na bingwa wa dunia. Fundi alikumbatiwa na sisi sote kwa mara moja, na katika kuanguka huko tukajaza theluji shingoni.

Alipozigeuza mbao zake, Fundi alikunja uso. Chini yake, mahali alipopiga randa kwa siku nyingi, palikuwa na mikwaruzo mirefu. "Ni mawe," alisema. "Theluji ni nyembamba kiasi hiki?"

Mzee akatwaa ule ubao, akautazama, akatuonyesha kwa mkono lile jabali tupu tulilopanda usiku, ambalo kati yake na kibanda cha Elena ni mwendo wa kumchosha mtu. Alisema kwamba alipokuwa kijana, mpagazi mchanga anayechukua kuni, mizigo waliitua karibu na kibanda, na barafu ilianza mwendo mfupi tu kutoka hapo. Mwaka 1997 hifadhi ilifungwa kwa sababu ya vita vya waasi, ikafunguliwa tena mwaka 2001, naye aliporudi juu baada ya miaka ile alidhani amepotea njia. Na ile mistari niliyoiona juu ya jiwe, Mwalimu akatueleza, ni barafu yenyewe iliyoichora zamani, ilipokuwa nene na nzito, ikiburuta mawe chini yake. Fundi akasema, "Zamani barafu iliukwaruza mlima. Sasa mlima umekwaruza mbao zangu."

Jioni ile, tukiwa tumezunguka jiko, Mwalimu alitupa hesabu yake. Mtawala wa Abruzzi alipofika mwaka 1906, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu ipatayo kilomita za mraba 6.5. Wataalamu walipopima mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Barafu ya milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikwisha kutoweka zamani, na hata Speke na Baker, iliyokuwa na barafu nyingi, sasa haina ya kujivunia. Na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zote za Afrika zilizo katika orodha yake ya urithi wa dunia, yaani za Rwenzori, Kilimanjaro na Kenya, zatazamiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Sababu yake kubwa ni kupata joto kwa dunia.

Mmoja wetu akauliza kama basi mto wa Mubuku utakauka, na watu wa Kasese watakunywa nini. Mwalimu akasema la. Maji mengi ya mito ile hutoka katika mvua na vinamasi, na barafu hutoa sehemu ndogo sana. Kwa hiyo hatutakufa kwa kiu kwa sababu ya theluji kwisha. Nilidhani Mzee atafurahi kusikia hivyo nilipomtafsiria. Alikaa kimya akichochea moto. Kisha akaniuliza, "Mwalimu wako ana picha ya baba yake?" Nikasema huenda anayo. Akasema, "Ikiungua, hatakufa kwa njaa. Lakini mwulize kama ni kitu kidogo."

Wasomaji wapenzi, sikufika Margherita. Nilikwenda nikijiona ninakwenda kuushinda mlima, nami ndiye niliyeshindwa, tena na mzee mwenye gambuti za viraka aliyeniokoa baada ya kumtukana. Nimejifunza kugonga viatu vyangu. Nimejifunza pia kwamba lugha niliyoidharau ndiyo iliyonipatia msamaha, maana kwa Kiingereza changu nisingeliupata. Na ninyi mlio vidato vya chini, mkipata nafasi ya kwenda Rwenzori, nendeni, wala msingoje mpaka mwe watu wazima wenye fedha. Theluji ile haitawangoja.

Mbao za Fundi zimetundikwa katika karakana, juu ya mlango. Mwalimu wa useremala alitaka zipigwe randa upya na kupakwa rangi ili zipendeze macho ya wageni. Fundi amekataa. Anasema mikwaruzo ile isiguswe.